Mpishi Hana Mlango

Najilaza mkekani Jumamosi baada ya chakula cha mchana, feni inazunguka kivivu juu yangu, na hasira ya Jumamosi iliyopita bado iko palepale kifuani, haijapoa hata kidogo, nageuka ubavu huu nayo, nageuka ubavu ule nayo, na nasema kwa sauti, peke yangu chumbani kama mwehu, eti mpishi hayumo. Hayumo! Miaka yote hiyo Mashavu anapika, anawalisha, anawatoa watu mikononi mwa mauti, leo kinaletwa kitabu, unafunguliwa ukurasa mmoja, naambiwa mpishi hayumo. Asiyetujua atauliza Mashavu ni nani, na ana haki ya kuuliza. Mashavu ni mtu wangu wa mchezo. Sisi tuko watatu: mimi Saumu, karani wa mahakama ya mwanzo, Kilua, muuza vipuri vya pikipiki, na Hizza, mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye msimulizi wetu. Kila Jumamosi tunakaa kwenye meza barazani kwa Hizza, mtaa wa Chumbageni, tunacheza mchezo usio na ubao wala karata. Hizza anasimulia safari ya msafara mmoja usiofika, mimi na Kilua kila mmoja ana mtu wake ndani ya msafara huo, tunasema watu wetu wanafanya nini, jambo likiwa na mashaka tunarusha dadu, na kanuni ndizo zinazotuambia dadu zimesema nini. Mtu wa Kilua ni Shomari, askari. Wa kwangu ni Mashavu, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye ulimi, mpishi. Kanuni zetu zilikuwa karatasi moja tu: sema unachotaka kufanya, kiseme vizuri tukione, rusha dadu mbili. Basi. Jumamosi iliyopita Hizza kaja na kitabu kinene cha kanuni nyingine kabisa, anasema tunahama, na katika kitabu hicho kila mtu sharti awe na kazi mojawapo ya zilizomo, askari, mwizi, mpiga mishale, mnajimu, tabibu na wenzao, na mpishi hayumo. Mchagulie kazi nyingine, ananiambia kwa sauti yake ya darasani, au tumwache katika mji unaofuata, nawe utengeneze mtu mwingine. Tumwache! Kama ndoo iliyotoboka. Na Kilua anachekelea, kwa sababu Shomari wake anapata nguvu maradufu na upanga wenye jina.

Nikauliza, na yaliyopita? Na ile homa? Maana Shomari aliwahi kushikwa na homa kwenye kinamasi, Kilua akarusha dadu zikamkataa, akarusha tena zikamkataa, Hizza akawa ameshaanza kutafuta maneno ya kumzikia, ndipo nikasema ngojeni, Mashavu anawasha moto, anapika uji wa mtama, anakamulia ndimu, anamshika kichwa anamnywesha kijiko kwa kijiko huku anamtajia vyakula atakavyompikia akipona, pilau, bada, samaki wa kupaka, na nikarusha dadu, zikakubali. Kilua alilia siku ile. Mtu mzima, alivuta kola ya shati akafuta macho akasema vumbi. Sasa Hizza ananijibu nini? Tunahamisha watu, hatuhamishi yaliyopita, na jambo ambalo kanuni mpya haziliruhusu tutachukulia halikutokea. Mimi nashinda mahakamani, na hata hakimu mvivu kuliko wote anajua kwamba sheria iliyotungwa leo haihukumu la jana. Damu ikanichemka. Nikabeba mkoba wangu nikatoka, Kilua naye akaondoka kimya kwa upande wake, na hapo ndipo tukaharibu, kwa sababu tuna desturi yetu ambayo hatujapata kuiruka hata siku ya mafuriko: kabla kitambaa cha meza hakijakunjwa, kila mmoja anasema mtu wake amelala wapi. Mashavu amelala kando ya jiko. Shomari amelala mlangoni pa hema. Hizza anasema haya, wamelala, ndipo tunaagana. Siku ile hakuna aliyesema kitu.

Macho yanafumba yenyewe. Feni inaacha kuwa feni, inakuwa upepo wa mahali pa wazi, na mkeka unaanza kurefuka kuanzia miguuni, ukili wake mwekundu na wa kijani unajinyoosha, unakwenda, unakwenda, mpaka unakuwa barabara nami nimesimama juu yake peku. Najua kabisa kwamba nimelala, na kujua huko hakunisaidii kitu. Barabara haina mwisho, inagawanyika na kukutana tena na kugawanyika, na penye njia panda ya kwanza amesimama mwanamke mnene, kanga kiunoni, mwiko mkononi, sufuria imeegemea mguu wake, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani. Sijawahi kumwona, maana mtu wa mchezo husemwa tu, haonwi, lakini namjua kabla hajageuka. Shikamoo mama, nasema, na sauti inanitoka ndogo. Marahaba, anajibu, na hanitazami. Kumbe umekuja. Nasema nimekuja. Anasema tangu siku ile wamesimama wima. Namwambia si ukae, mama, mkeka wote huu, na hapo ndipo ananigeukia, na wallahi sijawahi kutazamwa hivyo hata na mama yangu mzazi. Ningeweza kukaa ningekungoja wewe? Hamkusema tunalala wapi. Mtu ambaye hajasemewa pa kulala hakai, halali, hasinzii, atabaki hapo alipoachwa. Tazama miguu yangu. Naitazama, imevimba imekuwa kama mihogo. Nasema aliyeleta haya yote ni Hizza na kitabu chake. Anasema, Hizza hakubeba mkoba.

Kisha ananionyesha nyuma yake, na nyuma yake yuko Shomari, amejiegemeza kwenye mkuki, kijana mrefu mwenye mabega ya mpagazi, na anatetemeka mwili mzima, jasho linamtiririka, meno yanagongana. Namuuliza vipi, ndugu yangu, anajibu salama tu, na jibu lenyewe linatoka vipande vipande. Ni ile homa, anasema Mashavu. Niliyoitoa mimi kwa mikono yangu. Imerudi siku ileile mliyoondoka, na kila siku inapanda. Nauliza imerudije wakati alishapona. Ananieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto: huko mbele kuna mji ambako watu wanahamishwa, wanatolewa kanuni za zamani wanaingizwa mpya, na huko wanasema mpishi hayumo, na kama mpishi hayumo hakuna aliyepika ule uji, na kama hakuna aliyepika, huyu kijana alifia kinamasini zamani, wanamrudisha tu alikotakiwa kuwa. Tukifika mapema nikapata mlango, atapona. Nisipopata, basi. Na Kilua anachekelea, nasema, Kilua yuko dukani kwake anachekelea upanga. Mashavu anabeba sufuria. Twende, mwanangu, hasira utaimalizia njiani.

Tunakwenda, mimi nimemshika Shomari mkono huu, Mashavu mkono ule, na hatujafika mbali barabara inabadilika chini yetu. Ukili unakatika, unakuwa miraba, mraba kwa mraba kama vigae vya sebuleni, mpaka upeo wa macho. Shomari anakanyaga miraba michache, kisha anaganda, mguu mmoja hewani. Namuuliza nini tena. Zamu yangu imekwisha, anasema kwa shida. Mashavu anasogea, anaganda. Mimi nasogea, naganda, miguu inakataa kabisa kunisikiliza. Nauliza sasa tunamngoja nani, na sauti ya mtu pembeni yangu inasema, zamu ya upepo. Upepo unavuma, unaacha. Nauliza sasa je? Zamu ya kunguru. Kunguru aliye juu ya jiwe anajikuna, anafikiri, anajikuna tena. Mgonjwa anatufia hapa, nasema, na sisi tumesimama tunamngoja kunguru ajikune! Katika kanuni zetu za zamani safari ilikuwa na urefu wa maneno yake, ukisema tunakwenda mbio kwa sababu mtu anaumwa, mnakwenda mbio, na dadu zikikataa mnajikwaa lakini mnajikwaa mkiwa mnakwenda. Huku kila kitu kina haki sawa na kifo cha Shomari. Sauti ile inasema, zamu yako, na namgeukia mwenye sauti nimpe yake.

Hana uso. Namaanisha hivyo hivyo, hana, ana kanzu, ana kofia, ana fimbo ya kuongozea watu, na kati ya kofia na kanzu pana ngozi tupu kama kiganja. Sishangai hata, naona hasira tu, kwa sababu namjua huyu, ndiye yule ambaye Hizza humtaja kila safari, mnakutana na mtu, anasema, halafu anapita, mwaka nenda mwaka rudi mnakutana na mtu, hajapata kumtia hata nyusi. Bwana, nasema, tunatafuta mlango wa mpishi, na tuna mgonjwa. Kitendawili, anasema. Mimi nina mgonjwa, namwambia. Kitendawili, anarudia, na naona hana lingine. Haya, tega. Analisha mji mzima na mjini hana mlango. Nampigia kelele kabla hajamaliza: mpishi! Umekosa, anasema, nipe mji. Nikupe mji? Nipe mji. Nageuka kwa Mashavu, Mashavu ananikonyeza nimpe yaishe, basi nampa Muheza, chukua Muheza na machungwa yake yote, bwana mkubwa, ule ushibe. Anasema amekwenda Muheza, amekula, amekunywa, watu wa huko wamemwambia wanatusalimu, na jibu ni mvua. Mvua! Yaani mvua ina nafasi yake katika mambo yao, imetungiwa na kitendawili, na mama huyu aliyesimama na miguu imevimba hana. Nauliza sasa mlango uko wapi. Anainua fimbo anaonyesha mbele, na mji uko pale, ambapo sasa hivi palikuwa patupu, kama vile umetusubiri tumalize.

Ni mji wa ukuta mmoja mrefu wenye milango mingi, na juu ya kila mlango imechongwa kazi, na kila mlango una bawabu asiye na uso. Tunaanza na mlango wa askari, maana Shomari ndiye mwenye haraka, na bawabu wake anafurahi kabisa, anasema Shomari, tunakungoja, upanga wako tayari, ingia. Shomari anatia mguu kizingitini na bawabu anamgusa paji la uso, anarudisha mkono upesi. Huyu ana homa ya kinamasi, anasema. Mashavu anasema alikuwa nayo, akapona. Bawabu anauliza nani alimponya. Mimi. Kwa kitu gani? Kwa uji. Uji hauponyi homa, anasema bawabu, homa huponywa na tabibu. Alikuwepo tabibu? Mashavu anasema hakuwepo tabibu, tulikuwepo sisi. Basi hakupona, anasema bawabu, bila ubaya wowote, kama karani mwenzangu anayemrudisha mtu kwa kukosa muhuri, na nakiri hilo ndilo linaloniuma zaidi, ule upole wake. Namwambia sikiliza, bwana, mtu huyo unayesema hakupona amekufa lini hasa, maana tangu hapo amevuka mito miwili, ameoa, ameachwa, amemkopa mama huyu chumvi, nani alifanya yote hayo? Anasema yasiyoruhusiwa hayakutokea. Namwambia sheria ya leo haihukumu la jana. Anasema, huku hakuna jana, kuna toleo. Natetemeka mimi sasa kuliko mgonjwa. Tunapita mlango kwa mlango. Mwizi: kazi yako? Mpishi. Hapana. Mnajimu: kazi yako? Mpishi. Hapana. Mpiga mishale hata hangoji tufike, anatikisa kile kichwa chake kitupu tukiwa mbali. Na Mashavu kila mara anasema ahsante, mwanangu, na kuendelea, na kila ahsante yake inanichoma.

Ukuta unakwisha, tunakunja kona, na nyuma ya mji tunaukuta mji uleule umegeuzwa kama kwenye kioo, cha kulia kiko kushoto, ila huku ukuta hauna mlango hata mmoja kwa sababu hauna haja nao, watu wanapita kokote, wanacheka. Moyo wangu unaruka. Huku ndiko kwetu, namwambia Mashavu, tazama, hawana kitabu. Namuuliza mwanamke mmoja asiye na uso kanuni za hapa ni zipi, anasema, sema. Sema tu? Sema tu. Kumbe hata dadu hawana. Basi nasema kwa sauti, Shomari amepona, na Shomari ananyooka palepale, jasho limekauka, anacheka, ananikumbatia, nami nalia kwa furaha, nasema si unaona, mama, si unaona. Mtu anapita, anatutazama kwa kile kichwa chake kitupu, anasema, huyo kafa. Shomari anaanguka. Napiga ukelele, nasema yu hai, anainuka. Mwingine anasema ni mbuzi, na naona kabisa mikono ya Shomari ikianza kukunjamana, nasema ni mtu, ni mtu, ni mtu hai mzima, na kila ninachosema kinafutwa na wa nyuma yangu kabla sijavuta pumzi, kwa kuwa hakuna kinachokataa huku, na kama hakuna kinachokataa hakuna kinachoshika. Mashavu ananishika mkono kwa nguvu. Tutoke, anasema. Huku uji wangu ungekuwa mtamu hata nikiupika kwa mchanga, una faida gani. Nataka kubisha, roho yote inataka kubisha, lakini Shomari analia kwa sauti ambayo si ya mtu, namkokota natoka naye.

Tunarudi upande wa milango na sasa hawezi kutembea, tumembeba, mwili wake unawaka. Umebaki mlango mmoja tu ambao tumeupita mara mbili bila kusimama, na najua kwa nini tumeupita, na Mashavu anajua kwamba najua. Juu yake imechongwa tabibu. Tunamlaza Shomari kizingitini. Bawabu anauliza, kazi yako? Na Mashavu hasemi mpishi. Anauliza, mtu akiingia hapa inakuwaje? Bawabu anamweleza. Ukiingia hapa umekuwa tabibu tangu ulipopata akili. Ulichomnywesha huyu kijana ni dawa, na dawa huponya homa, kwa hiyo alipona. Mashavu anauliza, na kupika? Hukupata kupika. Hata siku moja? Hata siku moja, tabibu wetu hapiki, mwiko utauacha nje. Mashavu anauliza kama atamkumbuka kijana huyu. Bawabu anasema mgonjwa wako utamkumbuka. Na huyu, anauliza, akinionyesha mimi kwa kidevu, na bawabu anauliza huyu ni nani.

Hapo nalipuka. Namwambia usikubali, mama, usikubali hata kwa dawa. Namtajia yote: siku wapagazi walipotoleana visu kwa ajili ya zamu ya mizigo akapakua sufuria moja ya ubwabwa katikati yao na kusema atakayemchoma mwenzake asile, wakakaa wakala, harusi ya milimani alipopika bila mafuta wala nazi na watu wakalamba majani, jinsi anavyoonja chumvi kwa kuchovya kidole cha mwisho, jambo nililolisema siku ya kwanza kabisa mezani ili wenzangu wamwone. Yote hayo watayachukua, nasema, wanakudhulumu mchana kweupe, na wewe unawauliza maswali kwa adabu. Najua wananidhulumu, anasema Mashavu. Nilisema hawanidhulumu? Anasema, mwanangu, wewe unapigana nibaki mimi. Mimi nataka abaki huyu. Nikikungoja umalize kukasirika, nitamzika. Nasema tutafute mlango mwingine, tuzunguke tena. Anasema, mguse. Namgusa Shomari, na naondoa mkono.

Anauegemea ukuta. Kabla sijaingia, anasema, niambie nalala wapi, nipumzishe miguu kidogo nikiwa bado mimi. Nasema, Mashavu amelala kizingitini, kando ya Shomari, na sufuria yake iko karibu. Anakaa. Polepole, goti moja, jingine, anashusha pumzi ndefu, anafumba macho, nasi sote tunamngoja, hata bawabu, na hakuna anayetaja zamu ya mtu. Shomari anafumbua macho, anauliza kwa sauti ya chini, mama, unaacha nini hapo? Chumvi tu, anasema Mashavu. Kisha anainuka, ananipa mwiko mkononi, anajifunga kanga vizuri na kuingia.

Homa inamtoka Shomari palepale. Naiona ikimtoka, anakaa, anajishika kichwa, anaomba maji. Na mlangoni anatokea mwanamke mnene wa makamo, mkoba wa dawa begani, anapiga magoti kumshika mapigo, anamwambia umepona, baba, nilijua utapona, dawa ile haikosei. Anatabasamu. Nasema, mama. Ananitazama kwa heshima kama mtu unayekutana naye kaunta. Anautazama mwiko nilioushika, anaona haya kidogo kuuliza, halafu anauliza. Samahani, dada, hicho ni cha nini?

Sikumbuki kuamka. Sikumbuki kuinuka mkekani wala kuvaa viatu wala kufunga mlango wa nyumba. Niko kwenye meza ya Hizza, kitambaa kimetandikwa, kitabu kinene kiko wazi mbele yake, Kilua kavaa shati lake la Jumamosi, na Hizza ananiuliza, inaelekea si mara ya kwanza, Saumu, umemchagulia nini? Najisikia nikisema tabibu. Safi sana, anasema Hizza, hiyo inaingia bila matatizo, hata ile homa inakaa sawa, na anageuza ukurasa kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Nataka kumrushia dadu za uso. Nasema ndani yangu hajui alichokifuta, hajui, na nikimweleza atasema nilikuwa naota, na huenda nilikuwa naota, na huenda ndiyo kwanza nimeanza, maana meza hii siku zote huyumba na leo imenyooka mno, na Hizza, ambaye kila akifurahi hukohoa, leo hakohoi. Tunacheza. Zinahesabiwa zamu. Shomari anachomoa upanga wake wenye jina, Kilua anaupenda, anausifu kidogo, anauweka. Jua la kwenye hadithi linazama, Hizza anasema msafara umepiga kambi, tunaendelea asubuhi.

Nani kapika? anauliza Kilua.

Hizza anatazama kitabuni. Anapekua mbele, anapekua nyuma. Kitabu hakisemi kuhusu kupika, anasema, tuchukulie wamekula. Wamekula nini? Wamekula tu, Kilua. Kilua anakunja uso, anazungusha dadu mezani kwa kidole, na namwona ana jambo linamsumbua na hajui ni jambo gani, na mimi nimeuma ulimi kwa meno, sisemi, nikisema nitapasuka. Hapana, anasema. Shomari hajala. Shomari anaamka anawasha moto. Hizza anamwambia askari hana uwezo huo, haumo. Kilua anainua sauti, Kilua ambaye sijapata kumsikia akiinua sauti hata kwa wadeni wake: hauna haja ya kuwemo, anawasha moto, mtu mzima hawezi kuwasha moto? Anatafuta sufuria. Anapika uji wa mtama. Hizza anauliza kwa nini uji, wana nyama. Sijui, anasema Kilua. Naona anaujua uji. Anataka kuwapa watu wote.

Hizza anafunga kitabu kidole kikiwa ndani. Anasema, haya, rusha. Kilua anarusha dadu mbili, zinazunguka, zinatulia vibaya kabisa. Umeungua, anasema Hizza taratibu. Umeungua chini, unanuka moshi, na chumvi kasahau. Kilua anatikisa kichwa, anakubali, kisha ananyoosha mikono yote miwili kwangu juu ya kitambaa, viganja vimejikunja kama vimeshika bakuli, na anasema, tabibu aanze.

Napokea. Bakuli ni la moto, linanichoma vidole, na sijui limetoka wapi wala meza imekwenda wapi, mbele yangu kuna kijana mrefu ananitazama kwa wasiwasi aone kama nitatema. Moshi unanikaba. Hauna chumvi hata chembe. Bado nina hasira, nina hasira ya kutosha kujaza mji, na naunywa wote.